Mgonjwa Akilazwa, Dawa za Nyumbani Zije Naye

Mwezi huu tunapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo sisi wauguzi tunakutana nalo wodini mara kwa mara, lakini majumbani halizungumzwi sana. Ni mgonjwa mtu mzima kuandikiwa hospitalini dawa isiyomfaa. Hatusemi dawa bandia, wala dawa iliyokwisha muda wake. Tunasema dawa nzuri kabisa, iliyotoka katika stoo yetu, ikaandikwa na daktari mwenye elimu yake, lakini kwa mgonjwa yule na kwa siku ile haikumfaa, au hata ilimdhuru.

Bibi na fundo la kanga

Miaka kadhaa iliyopita, katika hospitali moja tuliyofanyia kazi, aliletwa bibi wa miaka 70 na zaidi. Alikuwa na homa, mkojo ulikuwa unamchoma, na alikuwa mgonjwa wa kisukari na presha wa siku nyingi. Aliletwa jioni kwa pikipiki akiwa amekalishwa katikati, nyuma yake mkwewe akimshika. Kadi ya kliniki ilibaki nyumbani. Daktari aliuliza, "Anatumia dawa gani?" Mkwe akajibu, "Ya presha na ya sukari." Akaulizwa jina. Akasema ni vidonge vidogo vyeupe.

Sasa ndugu msomaji, vidonge vidogo vyeupe katika famasi yetu ni vingi kuliko tunavyoweza kuvihesabu.

Sukari yake ilikuwa juu, 17. Daktari aliandika dawa ya kuua vijidudu, akaandika pia glibenklamidi, ambayo ni dawa ya kushusha sukari, kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni. Majibu ya figo yalikuwa bado hayajatoka. Siku ya kwanza na ya pili bibi alikula uji vijiko vitatu, vinne, kisha akakataa. Dawa iliendelea kutolewa kama ilivyoandikwa, nasi ndio tuliokuwa tukiitoa.

Usiku wa tatu tulikuwa zamu. Kwenye saa kumi alfajiri tulipita na tochi, tukamkuta amelowa jasho, shuka limelowa, anakoroma, na akiitwa haitiki. Tulimchoma kidole. Sukari ilikuwa 1.4. Kwa mgonjwa wa kisukari, ikishuka chini ya 4 tayari ni hatari. Tulimpa glukosi kwenye mshipa, na baada ya dakika chache alifungua macho akauliza kama kumekucha. Tulishukuru. Lakini ilipofika saa nne asubuhi alilegea tena, tukapima, ikawa 2.3. Alikaa na chupa ya maji ya sukari siku mbili nzima, kwa sababu dawa ile hukaa mwilini muda mrefu, na figo zikiwa dhaifu hukaa zaidi. Majibu yalipokuja, kweli figo zake zilikuwa dhaifu.

Kilichotushangaza kilijitokeza mchana wake. Mkwe alifungua fundo la kanga yake, akatoa karatasi yenye vidonge, akataka kumpa bibi. Tulimwuliza ni vya nini. Akasema, "Sista, hivi si ndivyo vya sukari vya nyumbani? Mimi nampa kila siku asubuhi na jioni. Nilidhani vyenu ni vya homa." Tulivitazama. Vilikuwa glibenklamidi. Siku zote tatu bibi alikuwa anakunywa dawa ileile mara mbili, huku tumboni hana chakula.

Yule mama hakufanya kosa hata kidogo. Alikuwa anamuuguza mkwewe kwa uaminifu. Hakuna aliyemwuliza kama amekuja na dawa, na hakuna aliyemwambia asimpe. Kosa lilikuwa letu sote tuliovaa sare. Daktari aliandika dawa kali kwa mzee asiyekula kabla hajajua hali ya figo zake, na sisi tuliona sahani ya uji inarudi imejaa tukaendelea kugawa vidonge kwa kuwa chati imesema hivyo.

Kosa hutokea wapi?

Watu wengi hudhani dawa isiyofaa huandikwa kwa sababu daktari hajui. Hutokea, lakini mara nyingi si hivyo. Daktari anaijua dawa vizuri. Asichokijua ni mgonjwa: mara ya mwisho alipewa nini, dawa gani iliwahi kumvimbisha midomo, ana kadi ya kliniki nyingine ambayo haioneshi kwa watu, alinunua nini dukani kabla ya kuja, anakunywa mizizi gani asubuhi. Habari hizo zimetawanyika. Nyingine ziko zahanati ya kijijini, nyingine ziko hospitali ya wilaya, nyingine ziko kichwani kwa binti anayeishi mjini, nyingine ziko kwenye fundo la kanga. Siku hizi hospitali nyingi zina kompyuta, lakini kompyuta ya hospitali moja mara nyingi haioni yaliyoandikwa katika hospitali nyingine. Ninyi familia ndio pekee mnaoweza kuzikusanya habari hizo zote mezani.

Mwezi Machi 2017 Shirika la Afya Duniani lilianzisha kampeni ya nchi zote juu ya dawa zisizoleta madhara. Walitaja hasa mambo matatu yanayoleta hatari: dawa zenyewe zilizo kali, mgonjwa mmoja kutumia dawa nyingi kwa pamoja, na mgonjwa kuhama kutoka mkono mmoja wa tiba kwenda mwingine. Kuhama huko ni kutoka nyumbani kuja wodini, kutoka wodi moja kwenda nyingine, na kutoka wodini kurudi nyumbani. Bibi yetu alikuwa nayo yote matatu.

Beba mfuko mzima

Siku mnapomleta mgonjwa, hata kama ni usiku na kila mtu amechanganyikiwa, mtu mmoja aingie chumbani kwake, akusanye kila dawa anayoiona na kuitia katika mfuko mmoja. Msichague. Chukueni vidonge vya kliniki, sindano za insulini, dawa ya kifua, matone ya macho, dawa ya kupaka, vidonge vya usingizi, Panadol na vile vya mafua vilivyonunuliwa dukani, hata chupa ya dawa ya kienyeji. Kama dawa zimetolewa kwenye maboksi yake, leteni na maboksi, maana jina liko hapo. Kama haiwezekani, piga picha maboksi kwa simu. Kadi zote za kliniki na daftari la matibabu vije pia.

Mfuko huo ukifika wodini mpeni muuguzi mkononi na kumwambia, "Hizi ndizo anazotumia nyumbani. Leo asubuhi amekunywa hii na hii, hii ana wiki mbili hajaitumia." Hilo la mwisho ni muhimu. Daktari akidhani mgonjwa alikuwa anakunywa dawa ya presha kila siku, na presha bado iko juu, ataongeza dawa. Kumbe mgonjwa aliishiwa akanyamaza. Akipewa zote wodini kwa mpigo, presha inaporomoka na mtu anaanguka akienda chooni. Hatutamgombeza mtu aliyeishiwa dawa. Kama wako wenzetu wanaogomba, tunawaombea radhi, lakini semeni ukweli hata hivyo.

Baada ya hapo msimpe mgonjwa chochote kutoka katika mfuko ule mpaka mwambiwe. Daktari ataamua ipi iendelee, ipi isimame kwa muda, na ipi tutampa sisi wenyewe. Wageni nao waelewe hivyo. Jumuiya inapokuja Jumapili baada ya Misa kumtazama mgonjwa, inaleta matunda na sala, na tunafurahi sana. Lakini hutokea mmoja wao akamchomekea mgonjwa kikopo chini ya mto, eti jirani yake kilimponya. Anayemuuguza mgonjwa ndiye mlinzi hapo. Akatae kwa heshima, au atuletee tukione.

Juu ya dawa za kienyeji tunasema wazi. Hatuwaulizi ili tuwacheke. Tunauliza kwa sababu nyingine hushusha sukari kweli, nyingine huumiza ini na figo, na daktari asipojua atatafuta chanzo cha ugonjwa mahali ambapo hakipo.

Sasa tuseme juu ya siri. Wapo wagonjwa wanaotumia ARV ambao hata mwenzi wa ndoa hajui. Huchukua dawa wilaya nyingine ili wasionekane. Wakilazwa wanasema hawana dawa yoyote. Tunaelewa hofu yao. Lakini tazameni: mgonjwa huyo akigundulika na kifua kikuu ataandikiwa dawa zenye rifampisini, na rifampisini huipunguza nguvu dawa ya ARV iitwayo dolutegravi, ambayo ndiyo wengi wanaitumia sasa. Daktari akijua, dawa ni rahisi: badala ya miligramu 50 mara moja kwa siku, mgonjwa hupewa miligramu 50 mara mbili. Asipojua, virusi vinapata nafasi ya kuamka na kuzoea dawa. Rifampisini hiyohiyo hupunguza nguvu ya vidonge na vipandikizi vya uzazi wa mpango. Na dolutegravi nayo huongeza kiasi cha metformini, dawa ya kisukari, katika damu, kwa hiyo kipimo cha metformini hutazamwa upya. Basi mgonjwa aseme, "Sista, naomba kuzungumza nawe peke yangu." Tutawatoa ndugu nje kwa kisingizio cha kutandika kitanda. Tumefanya hivyo mara nyingi, na hakuna ndugu aliyewahi kushtuka.

Wenye matatizo ya moyo wanaotumia warfarini, ile dawa ya kuzuia damu isigande, waitaje kabla ya kitu kingine chochote. Flagyl na Septrin, ambazo watu huzichukulia kama dawa ndogo, zikichanganywa na warfarini zinaweza kuifanya damu iwe nyepesi kupita kiasi hata mtu akatokwa na damu ndani.

Kuhusu mzio, ambao wengi huuita aleji, tunaomba maneno kamili. Msiseme tu "hapatani na sindano." Semeni dawa gani, ilikuwa lini, na nini kilitokea. Kama alivimba uso, akabanwa pumzi, au ngozi na midomo vilitoka malengelenge na kubabuka baada ya dawa kama Septrin au Fansidar, hilo ni jambo kubwa, liandikwe juu ya jalada la daftari kwa herufi kubwa, na dawa ile asiiguse tena. Kama aliharisha kidogo baada ya ampisilini, hayo ni maudhi ya dawa tu, si mzio. Tofauti hii ina faida yake. Mtu aliyeandikwa kimakosa kuwa ana mzio wa penisilini ananyimwa maisha yake yote dawa nzuri na za bei nafuu, anapewa zilizo kali zaidi. Na mwenye mzio wa kweli wa penisilini ajue kwamba ampisilini, amoksilini na kloksasilini zote ni za ukoo huo.

Wazee si vijana wenye mvi

Mzee wa miaka 75 hata akionekana mkakamavu na bado analima, figo zake hazichuji kama zamani. Dawa inayotoka mwilini mwa kijana kwa siku moja inaweza kukaa kwake siku mbili au zaidi. Kwa hiyo kipimo cha kijana kwa mzee kinaweza kuwa kipimo kikubwa. Daktari mmoja wa wazee huko Marekani, Mark Beers, alitoa pamoja na wenzake mwaka 1991 orodha ya dawa ambazo kwa wazee hatari yake mara nyingi inazidi faida. Orodha hiyo imefanyiwa marekebisho mara nyingi tangu hapo, na ya mwaka 2023 bado inaitaja glibenklamidi, ile ya bibi yetu. Shirika la Afya Duniani nalo, katika orodha yake ya dawa muhimu ya mwaka 2013, lilieleza kwamba glibenklamidi haifai kwa mtu aliyepita miaka 60. Hii haina maana kwamba kila mzee anayeitumia leo aitupe chooni. Arudi kliniki akaulize kama inafaa kubadilishwa.

Zipo nyingine tunazoziangalia sana wodini. Diazepamu, ambayo wengine huiita Valium, hutolewa mgonjwa akishindwa kulala. Mzee akiinywa huamka usiku akiyumba, akaanguka na kuvunjika nyonga, na nyonga ya mzee si jambo dogo. Piriton ya mafua, na amitriptilini inayotolewa kwa maumivu ya mishipa ya miguu, zinaweza kumfunga mkojo mzee mwenye tezi dume na kumvuruga akili. Tumewahi kuwasikia ndugu wakinong'ona koridoni kwamba baba ametupiwa kitu, kwa kuwa tangu jana anaongea na watu wasiokuwepo. Tulipopitia chati, baba alikuwa ameandikiwa dawa tatu za aina hiyo katika siku mbili, kila moja na daktari wake wa zamu. Ziliposimamishwa, siku ya tatu alimtambua mjukuu wake akamdai tumbaku. (Tumbaku hatukumpa.)

Na diklofenaki. Hii ndiyo dawa ya maumivu inayopendwa kuliko zote, ya kumeza na ya sindano, na wengine wanaichomwa madukani kama vile ni maji. Kwa kijana aliyeteguka mguu si mbaya. Kwa mtu wa presha anayetumia enalaprili pamoja na dawa ya kukojoza maji, diklofenaki ikiingia kuwa ya tatu, figo zinaweza kugoma kabisa, hasa kama mgonjwa anatapika au anaharisha. Kwa hiyo mkisikia maumivu ya baba yameandikiwa sindano ya diklofenaki, ni haki yenu kusema, "Daktari, baba ana presha, na dawa zake ni hizi." Yako maumivu mengi yanayotulizwa kwa Panadol tu, ilimradi isizidi vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, mkihesabu pamoja na ile iliyomo ndani ya dawa za mafua. Kwa aliyekonda sana au mwenye ini bovu, daktari atapunguza zaidi.

Sindano, maji na malaria

Hapa tunawageukia ninyi wasomaji, maana sehemu ya dawa zisizofaa huandikwa kwa sababu familia imeshinikiza. Mgonjwa amelazwa tangu asubuhi, amepewa vidonge tu, na ndugu waliotoka mbali wanasema, "Mbona hajatundikiwa hata chupa moja?" Daktari kijana, ambaye ana wagonjwa 40 wanaomsubiri, anaona afadhali aandike chupa ili apate amani. Kama mgonjwa huyo moyo wake ni dhaifu, maji yale yanajaa mapafuni, na usiku tunampigania apate pumzi. Chupa ya maji ni dawa. Ina wa kumpa na wa kumnyima.

Malaria nayo ni vilevile. Kipimo kimesema hakuna vimelea, kimerudiwa, bado hakuna, lakini ndugu wanasisitiza kwamba iko, imejificha. Tatizo si sindano za bure tu. Kila anayepita kitandani akisoma "malaria" kwenye chati anaacha kutafuta, na homa ya mkojo, ya mapafu au ya uti wa mgongo inaendelea kula siku. Kipimo kikikataa, ombeni daktari atafute chanzo kingine.

Juu ya dawa za kuua vijidudu, Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2017 limezigawa katika makundi matatu: za kuanza nazo, za kutumia kwa uangalifu, na za akiba kwa hali ngumu kabisa. Seftriaksoni, ile sindano ambayo siku hizi kila mgonjwa anadhani lazima achomwe, iko katika kundi la pili, la uangalifu. Ikitumiwa kwa kila kikohozi, vijidudu vinaizoea, na siku atakapoihitaji mama aliyejifungua kwa upasuaji haitafanya kazi. Sisi wenyewe wahudumu tunastahili lawama kubwa hapa. Inachomwa mara moja kwa siku, inaturahisishia kazi, kwa hiyo hatuulizi sana. Swali zuri la kuuliza siku ya tatu ni hili: "Je, bado anaihitaji sindano, au anaweza kuhamia vidonge?" Mara nyingi jibu ni vidonge.

Siku ya kuruhusiwa

Siku hii kila mtu ana haraka. Gari limekodiwa, bili imelipwa, mgonjwa ameshavaa. Karatasi ya dawa inasomwa mlangoni. Tunaomba mkae kitako dakika kumi na muuguzi au mfamasia, mfuko wa nyumbani ufunguliwe tena, na kila dawa iwekwe kwenye fungu lake: hizi anaendelea nazo, hizi ameacha, hizi ni mpya. Zile alizoacha msirudi nazo, tuachieni famasi.

Tulikuwa na mzee mmoja aliyerudi wiki mbili baada ya kuruhusiwa, miguu imevimba na kichwa chepesi. Alikuwa na maboksi mawili ya dawa ya presha, moja la bluu la zamani na moja jekundu la kwetu, kila moja na jina lake la kiwanda. Mwanawe alimpa yote mawili kwa bidii kubwa. Kwa maandishi madogo chini ya majina yale, yote mawili yalikuwa amlodipini. Ndiyo sababu tunasema jina la kiwanda halitoshi, tafuteni jina la dawa yenyewe chini yake, na kama macho ya wazazi hayaoni, mtoto wa darasa la tano anaona vizuri sana.

Ulizeni pia mwisho wa kila dawa. Dawa za tumbo kama omeprazoli na vidonge vya usingizi huanzishwa wodini kwa sababu ya wiki ile tu, kisha watu wanazinunua mwaka mzima kwa kuwa hakuna aliyesema zikome. Lakini msiache ghafla kwa kujiamulia dawa za kifafa, insulini, ARV, dawa za kifua kikuu wala prednisoloni iliyotumika muda mrefu. Hizo zina utaratibu wake wa kuachwa, na nyingine haziachwi.

Je, nikiuliza nitaonekana mjuaji?

Hili ndilo swali tunaloulizwa zaidi na ndugu wa wagonjwa, tena kwa sauti ya chini. Tuwajibu kwa kuanzia kwetu. Tulipokuwa chuoni miaka ya 1990 tulifundishwa kuhakikisha mambo matano kabla ya kutoa dawa: mgonjwa ndiye, dawa ndiyo, kipimo ndicho, njia ndiyo, na wakati ndio. Lakini wengi wetu tulikuwa pia na nidhamu ya uoga. Daktari ameandika, nani wewe useme? Kwa bibi yule tuliona sahani ya uji na hatukusema. Baada ya hapo tuliacha uoga. Siku moja tulirudisha chati ya kijana aliyeandikiwa ampisilini na kloksasilini wakati jalada lake linasema mzio wa penisilini. Daktari alilitazama jalada, akafuta, akaandika dawa nyingine, akasema, "Asante sista, sikuliona." Yakaishia hapo. Wako wanaonuna, hatukatai, lakini kununa kwao hupita kufikia saa ya chai.

Kwa hiyo ulizeni wakati wa raundi, au kabla kidonge hakijaingia mdomoni. Si lazima mjue majina makubwa. Semeni, "Samahani daktari, hii ni ya nini? Inapatana na zile za nyumbani? Ataitumia mpaka lini?" Kama daktari ameshapita, mwambieni muuguzi wa zamu, naye ataandika kwenye kitabu cha kukabidhiana zamu ili asubuhi lisisahaulike. Na mgonjwa akibadilika baada ya dawa mpya, akisinzia kupita kawaida, akitoka jasho la baridi, akikosa mkojo tangu asubuhi, akiongea maneno yasiyoeleweka au akitoka vipele, msisubiri raundi. Njooni mezani kwetu hata kama tumeinamisha vichwa tunaandika, hata kama ni saa nane usiku. Yule mkwe wa bibi huja kliniki kila mwezi mpaka leo, ingawa bibi mwenyewe alifariki baadaye kwa uzee wake. Sasa anamleta mumewe, mgonjwa wa presha, na mfuko wa dawa ameushonea mfuniko kwa kitambaa cha kanga ileile.